Glaida inalalia upande: kutafuta kosa kwenye mabawa na mkia

Mwezi wa saba, kwenye mteremko wa malisho juu ya Isyonje, nilirusha glaida yangu ya kwanza, ndege ndogo isiyo na injini inayoongozwa kwa rimoti, yenye mabawa ya mita 2. Ilielea vizuri, ila ilikuwa inalalia kushoto. Nikabonyeza trimu ya kulia mara nne (trimu ni kitufe cha rimoti kinachosogeza vibao vya kuongozea kidogo na kuviacha hapo), ikanyooka, nikaendelea kuruka kwa raha. Baada ya dakika ishirini nikaileta kutua. Mwendo ulipopungua, bawa la kulia likaanguka ghafla, ncha ikachoma majani, ndege ikajipindua. Nondo ya kaboni inayounganisha mabawa ilipasua mbavu tatu za shina.

Nilihangaika karibu wiki mbili na swali moja: inakuwaje ndege iliyokuwa inalalia kushoto muda wote iangukie kulia? Jibu lilikuwa mezani. Bawa la kulia lilikuwa limejinyonga, ukingo wake wa nyuma umeshuka milimita 4 kwenye ncha. Bawa lililonyongwa hivyo linakabili hewa kwa pembe kubwa kuliko mwenzake. Ndege ikiwa na mwendo, linabeba zaidi, kwa hiyo linainuka na kuilaza ndege kushoto. Mwendo ukipungua, pembe ileile kubwa inalifanya liwe la kwanza kuacha kubeba, nalo linadondoka. Dalili mbili zilizopingana, kosa moja. Na trimu yangu ya kulia ilikuwa imenifichia kosa hilo hadi mita mbili kutoka ardhini.

Tangu siku hiyo nina utaratibu mmoja nisiouvunja: ndege ikiomba trimu ya zaidi ya alama mbili tatu, naishusha, naipeleka mezani, na natafuta kitu kilichopinda. Yanayofuata hapa ni dalili tulizokutana nazo mimi na vijana ninaoruka nao huku Mbeya, na sababu zake.

Kuhusu majina. Eileroni ni vile vibao viwili kwenye ukingo wa nyuma wa mabawa. Kimoja kikipanda, mwenzake hushuka. Eleveta ni kibao cha mkia kinachoinua na kushusha pua. Usukani ni kile cha wima kinachopeleka pua kushoto au kulia. Sevo ni kimota kinachovisogeza, kwa waya unaotoka kwenye mkono wa sevo kwenda kwenye pembe iliyobandikwa kwenye kibao. Shina ni pale bawa linapogusa bodi.

Inalalia upande mmoja

Sababu ziko nne za kawaida: bawa limejinyonga, mabawa hayakukaa kwa pembe moja kwenye bodi, eileroni hazikulingana, au bawa moja ni zito. Zote zinaonekana sawa ukiangalia kutoka chini. Kinachozitenganisha ni mwendo.

Weka trimu hadi ndege inyooke ikiwa inakwenda taratibu. Kisha ishushe pua kidogo ichukue kasi, mikono nje ya vijiti vya rimoti. Ikibaki imenyooka, kosa ni la umbo: kunyongwa, pembe ya shina, au eileroni. Nguvu inayotokana na umbo na nguvu ya trimu hukua pamoja kadiri hewa inavyokwenda kasi, kwa hiyo zinaendelea kufutana. Lakini ikianza kulalia upande wa pili, ule wa trimu, tatizo ni uzito. Uzito haubadiliki kwa kasi, trimu ndiyo inayopata nguvu, ikashinda. Jaribio hili la nusu dakika limeniokolea kazi nyingi ya msasa.

Kama ni uzito, funga mabawa kwenye bodi, ninginiza ndege kwa nyuzi mbili, moja puani na moja mkiani, zote katikati kabisa ya bodi, uone ncha ipi inashuka. Sarafu iliyobandikwa kwa selotepu kwenye ncha nyepesi inakupa kipimo, kisha badala yake unapachika kipande cha madini ya risasi ndani ya ncha. Gramu chache kwenye ncha ni nyingi, kwa sababu ziko mbali na katikati. Chanzo mara nyingi ni gundi: upande uliofanyiwa ukarabati umekunywa epoksi kuliko mwenzake.

Kama ni umbo, fanya hivi. Chukua rula mbili za alumini zilizonyooka, au vipande viwili vya mbao vilivyopigwa randa na seremala, kila kimoja kama sentimita 42. Lipindue bawa, mgongo ukae chini juu ya taulo. Laza kipande kimoja kukatiza tumbo la bawa karibu na shina, kingine karibu na ncha, vyote vikigusa ukingo wa mbele na wa nyuma. Sasa piga magoti, funga jicho moja, uvitazame kutoka upande wa ncha, kimoja nyuma ya kingine. Kwenye bawa langu upana wa ncha ni milimita 140, na kipande ni mara tatu ya upana huo, kwa hiyo kosa la milimita 4 lilionekana kama tofauti ya milimita 12 kwa jumla. Jicho haliwezi kulikosa. Milimita 4 kwa upana huo ni zaidi kidogo ya digrii moja na nusu, na zinatosha kuvunja ndege.

Rudia kwa bawa la pili, ukiweka vipande mahali palepale, na ulinganishe. Usishtuke ukikuta mabawa yote mawili yamenyongwa kidogo, ukingo wa nyuma ukiwa juu kwenye ncha. Wabunifu wengi huweka mnyongo huo makusudi ili ncha ziwe za mwisho kuacha kubeba. Unachotaka ni mabawa kufanana.

Kulinyoosha bawa la mbavu lililofunikwa kwa filamu, mmoja analinyonga kinyume, kupita kidogo pale linapotakiwa, na mwingine anapitisha pasi ya uvuguvugu juu na chini hadi filamu ikaze upya. Mlishikilie hivyo hadi ipoe. Bawa la povu linanyooshwa kwa joto la mashine ya kukaushia nywele, polepole, na mkono wako ukiwa karibu ili uhisi joto kabla povu halijayeyuka. Bawa la faiba lililokaukia kwenye kalibu limenyongwa halinyooki. Hapo unalinganisha eileroni na kukubali ndege yenye tabia zake.

Baada ya mabawa, pima ndege nzima. Funga uzi usiovutika katikati ya mwisho wa bodi, uupeleke kwenye ncha ya kushoto, weka alama, kisha uuhamishie ncha ya kulia. Tofauti ikizidi milimita 3 kwa ndege ya mita 2, bawa moja limetangulia lingine. Halafu simama hatua tatu nyuma ya mkia, ulinganishe mstari wa mkia na mstari wa mabawa. Mkia uliolala upande utaipeleka ndege upande huo kila ukivuta eleveta, na fundi asiyejua ataendelea kuchokonoa eileroni.

Eileroni ziache mwisho. Zima trimu zote, sevo ziwe katikati, mikono yake ifanye pembe mraba na waya, ndipo ukaze waya hadi ukingo wa eileroni uendelee moja kwa moja na ukingo wa bawa. Ukianza kwa rimoti kusogeza katikati ya sevo, unakula mwendo wa upande mmoja, na eileroni itakuwa na nguvu kulia kuliko kushoto.

Bawa haliingii, au linaingia na kucheza

Mwezi wa kwanza hadi wa tatu, mvua zikiwa zimekaza na ukungu hauondoki Uyole hadi saa nne, mbao nyembamba hunyonya unyevu na kuvimba. Nondo iliyokuwa inaingia kwa kidole gumba mwezi wa kumi sasa inataka kugongwa. Usigonge. Bomba la ndani linaloipokea nondo likichomoka kwenye mhimili wa bawa hulioni kwa nje, na bawa litajikunja juu siku ya upepo mkali. Kausha bawa ndani ya nyumba siku mbili, siyo karibu na jiko la mkaa, kisha ujaribu tena.

Likiendelea kugoma, angalia tone la gundi mdomoni mwa bomba. Mwanga wa tochi ya simu ukipita upande wa pili utaliona. Kwarua kwa msasa uliozungushiwa kijiti. Msasa uende kwenye mbao na gundi, nondo ya kaboni usiiguse isipokuwa lazima. Na ikiwa lazima, sugua ikiwa imelowa maji na uvae barakoa, maana vumbi la kaboni linachoma ngozi na halifai mapafuni.

Bawa linalocheza ni baya zaidi kuliko linalobana. Shika ncha, ipandishe na kuishusha, huku mwenzako ameweka kidole kwenye mpaka wa shina na bodi. Akihisi mwendo, jua pembe ya bawa inabadilika kila upepo ukivuma, na hakuna trimu itakayoshika. Zungushia nondo tabaka moja la selotepu nyembamba, jaribu, ongeza la pili kama bado. Shina libanwe na utepe mweupe wa mafundi umeme kuzunguka mpaka wote, ambao pia unaziba mwanya. Angalia pini ndogo ya nyuma inayozuia bawa lisizunguke: tundu lake kwenye bodi ndilo huchakaa kwanza. Lijaze epoksi iliyochanganywa na unga wa mbao, iache ikauke, toboa upya ukiwa umekwisha pima pembe kwa vile vipande viwili.

Kuhusu gundi na baridi yetu. Epoksi inayoandikwa dakika 5 inapimwa kwenye joto la kawaida la chumba. Asubuhi za mwezi wa sita na wa saba zikishuka chini ya nyuzi 10, itachukua muda mrefu mno, na ukilifungua bawa mapema, kiungo kinasogea bila wewe kuona. Hivi ndivyo bawa langu lilivyojinyonga: nilitoa mawe ya kulikandamizia wakati gundi ingali laini. Supaglu nayo huhitaji unyevu wa hewa ili ishike, kwa hiyo kwenye ukavu wa kiangazi husita. Pumulia upande mmoja wa kiungo, paka gundi upande wa pili, kisha unganisha.

Na kabla ya kusukuma bawa la mwisho, angalia waya wa umeme wa sevo uko wapi. Waya uliobanwa kati ya shina na bodi huendelea kufanya kazi majuma kadhaa, kisha siku moja unakatika ndani ya plastiki yake.

Kibao hakirudi katikati

Unasogeza kijiti, eileroni inapanda. Unaachia, inarudi ila inaishia milimita moja juu. Ukitoka upande wa pili inaishia milimita moja chini. Ndege ya namna hii hairuki vilevile mara mbili.

Zima sevo zisizohusika, shika ukingo wa kibao kwa vidole viwili, utikise kidogo sana, huku jicho lako likifuata njia nzima: bawaba, pembe, kibano kinachounganisha waya na pembe, waya, mkono wa sevo, sevo yenyewe. Kila kiungo kikague peke yake. Pale ambapo kitu kimoja kinasogea na kinachofuata kimetulia, ndipo ulegevu ulipo. Kama mkono wa sevo wenyewe unacheza, skrubu ya katikati imelegea au meno ya ndani yamekwisha. Kama sevo nzima inatikisika, gundi imeachia filamu badala ya mbao. Kata filamu, bandika kwenye mbao.

Tundu la pembe lililopanuka ni la kawaida kuliko yote. Tone la supaglu nyembamba ndani yake, likauke kabisa, kisha litobolewe kwa sindano iliyo sawa na pini ya kibano. Pia hamisha waya: tundu la ndani kwenye mkono wa sevo, tundu la nje kwenye pembe. Kibao kitasogea kwa kiasi kidogo kuliko awali, lakini ulegevu unapungua kwa kiasi kilekile na sevo inapata nguvu. Ukiona umeweka waya tundu la nje kwenye sevo kisha umepunguza mwendo kwa rimoti hadi asilimia 40, umetupa usahihi wa sevo yako zaidi ya nusu.

Waya wenyewe. Wengi wetu tunatumia spoku za baiskeli, na ninazipenda: zina kipenyo cha milimita 2, ni ngumu, na zinapatikana Mwanjelwa hata Jumapili. Ila kuna kosa nimeliona kwa vijana wengi. Spoku ina meno mwishoni, na vibano vya kununua ni vya M2 (meno ya kipimo cha milimita 2), vinaonekana kama vinaingia. Meno hayo si sawa. Hatua ya M2, yaani umbali wa jino hadi jino, ni milimita 0.4, ya spoku inakaribia 0.45, na spoku ni nene kidogo. Kibano kitaingia kwa nguvu mizunguko mitatu minne, kitaonekana kimeshika, kumbe umekula meno yake ya ndani. Siku ya kuvuta kutoka mbizi kinachomoka. Kata sehemu yenye meno, pinda mwisho kwa koleo uwe na umbo la Z, upite kwenye mkono wa sevo. Upande wa pembe, tumia kipande cha waya wa M2 uliounganishwa kwa kufungwa uzi na kupakwa epoksi kwa urefu wa sentimita 3.

Waya mrefu wa kwenda mkiani usiachwe ukining'inia ndani ya bodi. Sukuma kibao kwa kidole huku sevo imewaka: waya ukijikunja katikati kama upinde, eleveta haina udhibiti ikiwa kasi. Upitishe kwenye mrija wa plastiki ulioshikwa kila sentimita 15, au tumia ufito wa mwanzi mkavu wenye waya mfupi kila mwisho. Mwanzi wa Iringa uliokomaa na kupasuliwa vizuri ni mwepesi na haujikunji. Tumeutumia kwenye ndege tatu.

Mwisho, bawaba. Tenganisha waya, inua bawa, kibao kianguke kwa uzito wake. Kisipoanguka, kinabana, na sevo inapoteza nguvu kupambana nacho. Bawaba za utepe hubana zikiwa zimebandikwa kibao kikiwa kimenyooka. Kikunje kibao kabisa hadi mgongo wake ulale juu ya mgongo wa bawa, bandika utepe wa kwanza kwenye kona iliyo wazi, kisha kirudishe na kubandika wa pili juu. Tepe mbili zinakutana gundi kwa gundi katikati ya mwanya. Futa kwanza kwa spiriti, na fanya kazi hii mchana kukiwa na jua, kwa sababu utepe uliobandikwa kwenye ubaridi wa asubuhi huachia wenyewe.

Vibao vinakwenda kinyume

Hili halina dalili ya polepole. Unarusha, unajaribu kunyoosha, ndege inazidi kulala, imekwisha. Hutokea zaidi kwenye ndege iliyokuwa nzima jana: umebadilisha sevo, umebadilisha chaneli, umechagua kumbukumbu ya ndege nyingine kwenye rimoti.

Simama nyuma ya mkia, pua ikitazama mbele kama unavyotazama wewe. Kijiti kulia: eileroni ya kulia ipande, ya kushoto ishuke. Kuvuta kwako: eleveta ipande. Usukani kulia: kibao kiende kulia. Mkia wa V, wenye vibao viwili tu vinavyofanya kazi ya eleveta na usukani, huwachanganya hata wazoefu: ukivuta, vyote viwili vinapanda, ukipeleka usukani kulia, cha kushoto kinapanda na cha kulia kinashuka. Ukiona vyote viwili vinapanda kwa amri ya kulia, chaneli moja imegeuzwa.

Sema kwa sauti kila unapojaribu. Mwanafunzi wangu mmoja wa Igawilo husimama na kutamka, "Kulia, ya kulia juu. Kushoto, ya kushoto juu. Navuta, juu." Kabla ya kila mrusho, hata wa kumi wa siku hiyo. Hajawahi kupoteza ndege kwa sababu hii.

Mngurumo ikipata kasi

Sauti kama nyuki mkubwa, au kama karatasi iliyowekwa kwenye spoku za baiskeli. Kibao kinatetemeka chenyewe. Vuta pua juu taratibu, punguza kasi, tua. Usiongeze hata sekunde moja, maana mtetemo huo unaweza kung'oa eileroni au kuvunja mkia kwa muda mfupi kuliko ule wa kusoma sentensi hii.

Sababu karibu zote tumekwisha ziona: tundu lililopanuka, waya unaojikunja, sevo iliyoachia, mwanya wa bawaba usiozibwa. Kwenye orodha hiyo ongeza na kibao kilicho kizito upande wa nyuma, hasa kilichorekebishwa kwa epoksi nyingi au kupakwa rangi mara tatu. Sisi wa nyanda za juu tuna hatari ya ziada. Hewa yetu ni nyepesi, kwa hiyo ndege inakwenda kasi halisi kubwa zaidi kwa msukumo uleule wa hewa kwenye mabawa, na mtetemo unafuata zaidi kasi hiyo halisi. Hata vitabu vya glaida kubwa za kubeba watu vina jedwali linalopunguza kasi ya juu inayosomeka kwenye saa ya kasi kadiri rubani anavyopanda. Ndege iliyoruka bila sauti Dar es Salaam usiichukulie kuwa salama kwenye mteremko wa milima ya Uporoto.

Inainua pua, inasita, inadondosha

Kabla ya kugusa eleveta, pima kitovu cha uzito. Kama huna mchoro, anza kwenye theluthi ya upana wa bawa kutoka ukingo wa mbele: bawa lenye upana wa wastani wa milimita 190, weka alama kwenye 60 hadi 63. Ninginiza ndege kwa vidole kwenye alama, pua iinamie kidogo sana.

Angani, ipe mbizi ya wastani kisha uachie kijiti. Ikijinyoosha kwa nguvu na kuinua pua, pua ni nzito na wewe umekuwa ukiibeba kwa trimu ya juu. Toa risasi kidogo, punguza trimu. Ikiendelea na mbizi au kuizidisha, mkia ni mzito, na hiyo ndiyo ya hatari. Ikijinyoosha polepole, iache hivyo.

Kuna wakati kitovu ni sahihi na ndege bado inasumbua. Hapo angalia ubao wa mkia. Chembe ya gundi kavu chini ya ukingo wake wa mbele inauinua nusu digrii, na hiyo inatosha. Mkia unaofungwa kwa skrubu moja pia hulegea. Ushike ncha zake uone kama unayumba.

Inatua kwa kasi, kisha bawa linadondoka

Kama umepima mnyongo na mabawa yanafanana, usitafute kosa lisilokuwepo. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya bahari, na hewa ya kawaida kwenye kimo hicho ina uzito wa takriban asilimia 85 ya ile ya pwani. Kuelekea uwanda wa Kitulo, kwenye mita 2,600, inabaki kama asilimia 77. Kasi ya chini ambayo bawa bado linabeba inapanda kwa asilimia 9 hapa mjini na karibu 14 kule juu. Mtu anayetua kwa mwendo aliouzoea macho yake pwani anakuwa tayari chini ya kiwango.

Kinachosaidia kwa upande wa vibao ni kuzifanya eileroni zipande zaidi ya zinavyoshuka: zikipanda milimita 12, zishuke 6. Eileroni inayoshushwa sana karibu na ardhi inaongeza pembe ya ncha ambayo tayari imechoka, na bawa ulilotaka kuliinua ndilo linaloanguka. Katika mita tano za mwisho nyoosha ndege kwa usukani.

Sevo inalia au vibao vinaruka vyenyewe

Sevo inayolia ikiwa imetulia inasukuma kitu kisichosogea. Tenganisha waya; ikinyamaza, kuna kubana, au umeweka mwendo mrefu kuliko kibao kinavyoweza kwenda. Isiponyamaza, sevo yenyewe inatafuta katikati na haipati, ibadilishe.

Vibao vinavyoruka vyenyewe, anza na betri. Baridi hupunguza uwezo wake, na betri iliyosoma vizuri nyumbani, mtaa wa Forest, inaweza kushuka ghafla mlimani sevo nne zikifanya kazi pamoja. Ipime ikiwa na mzigo, mtu akizungusha vijiti vyote. Kisha angalia plagi za bawa: zinazofunguliwa na kufungwa kila Jumapili hupoteza mshiko. Waya mweusi au wa kahawia ni hasi, mwekundu wa katikati ni chanya, mweupe au wa chungwa ni wa amri. Kwa kuwa chanya iko katikati, plagi iliyogeuzwa kwa kawaida haichomi sevo, haifanyi kazi tu.

Na kama bodi ni ya kaboni, antena ya kipokezi lazima itoke nje. Kaboni inazuia mawimbi ya 2.4 GHz. Ndege itatii kikamilifu mkononi na kukupotea mita mia moja mbele. Weka rimoti kwenye hali ya jaribio la umbali, mwenzako atembee na ndege hatua 30 akiigeuza kila upande.

Usafiri

Nimeliweka mwisho ingawa ndiko makosa mengi ya mabawa yanakozaliwa. Bawa lililosimamishwa kwa ncha kwenye bajaji, likapigwa na jua la saa sita, linafika limejinyonga. Povu lililoachwa nyuma ya kioo cha gari kule Uyole likisubiri abiria wajae hupinda ndani ya robo saa. Sisi tunayalaza mabawa mawili matumbo yakitazamana, kitenge kilichokunjwa katikati, blanketi juu, kisha tunafunga kwa vipande vya mpira wa tyubu mahali pawili, shina na theluthi ya ncha, bila kubana eileroni. Mkia una kasha lake la boksi. Tukifika, kabla ya nondo kuingia, vile vipande viwili vya alumini vinatoka kwenye begi na mabawa yanapimwa upya juu ya majani.